Kuliachia Duka Pikipiki Iliyotumika au Kuiuza Mwenyewe: Tathmini ya Njia Mbili

Maduka mengi yanayouza pikipiki mpya hukubali kuichukua pikipiki ya zamani ya mteja na kuihesabu kama sehemu ya malipo, kisha mteja huongeza pesa zilizobaki. Wauzaji huinadi huduma hiyo kwa wepesi wake: unaingia na chombo kilichochoka, unatoka na kipya siku hiyohiyo, na hakuna mtu wa kukupigia simu usiku kuuliza bei ya mwisho. Nimeitumia huduma hiyo, na nimewahi pia kumuuzia mtu binafsi pikipiki yangu bila duka kuingia kati. Maoni yangu ni kwamba duka hufanya kazi halali inayostahili ujira, ila ujira wenyewe hauandikwi kwenye risiti, na mteja asiyejua mahali pa kuutafuta huulipa mara mbili.

Duka halichukui pikipiki yako ili liiendeshe, bali liiuze tena. Bei linayokupa huanzia kwenye kiasi ambacho mnunuzi wa mwisho anatarajiwa kulipa, na kutoka hapo hukatwa gharama za matengenezo, gharama ya kuiweka dukani mpaka ipate mtu, tahadhari ya kukaa muda mrefu bila kuuzika, na faida. Hiyo, kwa lugha ya sokoni, ni bei ya jumla. Anayeichukua bei hiyo akailinganisha na bei za matangazo na kulalamika kwamba ameibiwa anakosea mara mbili, kwa kuwa hata bei ya tangazo ni ile inayoombwa tu. Iliyolipwa hujulikana na mnunuzi na muuzaji peke yao, na mara nyingi huwa chini.

Ukaguzi ndio sehemu ya huduma hii ninayoiheshimu zaidi, hasa ukifanywa na fundi badala ya mtu wa mauzo. Mkaguzi anayeijua kazi yake husogeza kiganja karibu na injini kabla ya kuiwasha, kwa sababu injini iliyopashwa moto mapema huficha tabu ya kuwaka ikiwa baridi, na akiikuta ya moto huomba iachwe ipoe. Hupitisha kidole kwenye bomba linalong'aa la shokapu ya mbele. Oili ikibaki kidoleni, sili zimekwisha. Huushika mnyororo mahali unapozunguka nyuma ya sproketi ya nyuma na kuuvuta kuelekea kwake: ukiachana na meno kwa kiasi kikubwa, umerefuka, na kama meno nayo yamechongoka kwa kulalia upande mmoja, basi ni seti nzima ya kubadilisha. Gurudumu la mbele likiwa juu, hugeuza usukani polepole kusikiliza kama unanasa katikati, dalili ya beringi za shingo kuliwa. Kwenye ubavu wa tairi hutafuta tarakimu 4 za tarehe ya kutengenezwa, ambapo 2 za kwanza ni wiki na 2 za mwisho ni mwaka, hivyo 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018; tairi la umri huo linaweza kuwa na kashata nzuri na bado lisifae, kwa kuwa mpira umekwisha kuwa mgumu. Mwisho hutazama ncha za mikono ya breki na klachi pamoja na vikanyagio, maana pikipiki iliyowahi kulala chini huacha ushahidi wake hapo.

Kila anachokiona hugeuka kuwa makato, na makato huhesabiwa kwa bei ya kipuri kipya pamoja na ujira wa fundi. Kwa hiyo mambo madogo ni vyema yamalizwe kabla ya kwenda: taa iliyoungua, betri iliyokufa, kioo kilichovunjika, uchafu ulioganda chini ya injini. Kubadilisha matairi yote mawili au kufungua injini kwa ajili ya kuongezewa bei dukani si jambo ninaloshauri, kwa kuwa sijaona duka linalorudisha gharama hiyo yote. Vilevile ekzosi ya gharama, mikono ya usukani ya kisasa na mapambo mengine humfurahisha aliyeyafunga na pengine kijana mmoja atakayeliona tangazo. Kwa duka ni shaka tu. Kama vipuri vya asili bado vipo, virudishwe, na vya nyongeza viuzwe peke yake.

Sehemu ninayoilaumu ni namna bei mbili zinavyochanganywa kuwa moja. Tuchukue mfano: pikipiki mpya iliyobandikwa bei ya 110 inauzwa 100 baada ya punguzo, ya zamani inathaminiwa 40, mteja anaongeza 60. Mteja akinung'unika kwamba 40 ni kidogo, muuzaji anaweza kuipandisha ya zamani hadi 50 kwa moyo mkunjufu, huku akiiacha mpya kwenye 110 badala ya kumpa punguzo la 10 alilokuwa tayari kulitoa. Mteja anaondoka na furaha ya 50, lakini mfukoni zimetoka 60 zilezile. Kinachostahili kuangaliwa ni tofauti hiyo tu, na njia ya kuilinda ni kuomba thamani ya pikipiki ya zamani kwa maandishi kabla ya kutaja unataka kununua nini, kisha kujadili bei ya mpya kana kwamba utalipa taslimu. Duka lililonihudumia lilikataa kwanza kuandika, likidai kwamba thamani hutegemea pikipiki nitakayoichagua. Jibu hilo lenyewe lilitosha kunieleza mengi, na niliposimama kutaka kuondoka karatasi ilipatikana.

Kodi nayo inaweza kuyageuza mahesabu. Katika jimbo la Texas nchini Marekani, kwa mfano, kodi ya mauzo hutozwa kwenye ile tofauti tu, ilhali California huitoza kwenye bei nzima ya chombo kipya. Palipo na nafuu kama ya Texas, na kodi tuseme ni asilimia 10, mteja wetu wa mfano analipa 6 badala ya 10. Kwa hiyo akitaka kuuza mwenyewe, bei ya 44 ndiyo inayolingana na 40 za duka, na chini ya hapo amejisumbua bure. Sheria za mahali ulipo zinafaa kuulizwa kabla ya kuamua.

Kwenye mkopo nalipatia duka alama za juu. Pikipiki ambayo bado ina deni mara nyingi hati yake huzuiliwa na mkopeshaji, na mtu binafsi ana haki ya kusita kukabidhi pesa zake kwa ahadi kwamba hati itakuja baadaye. Duka lililozoea kazi hiyo huwasiliana na mkopeshaji, hulilipa deni na kulikata kwenye thamani. Hatari inakuja pale deni linapoizidi thamani: salio huhamishiwa kwenye mkopo mpya, na mteja anaanza kulipia pikipiki mbili huku anaendesha moja. Muuzaji akisema salio "litashughulikiwa", mwombe akuonyeshe mstari lilipoandikwa.

Kuuza mwenyewe, kwa upande wake, huleta pesa zaidi kwa pikipiki nyingi za kawaida zilizo na karatasi safi, hususan zile ndogo zinazojulikana na kila fundi na ambazo vipuri vyake vimejaa. Honda ilipofikisha Super Cub milioni 100 mwaka 2017, tangu ilipoanza kuitengeneza mwaka 1958, ilithibitisha kiu ya watu kwa pikipiki rahisi isiyosumbua, na mwenye chombo cha namna hiyo hana haja ya kumgawia mtu wa kati faida yake. Pikipiki kubwa ya chapa isiyouzwa na duka husika, au yenye umri mrefu, huthaminiwa dukani kwa bei ya kuvunja moyo kwa sababu huenda ikapelekwa mnadani moja kwa moja. Hiyo pia ni heri uitafutie mwenyewe mtu anayeipenda.

Gharama ya njia hii ni muda na usalama. Watakuja watazamaji wasio na nia ya kununua, na watakuja wezi. Anayetaka kuijaribu barabarani aonyeshe kwanza leseni na aache pesa yote mkononi mwako, kwa kuwa pikipiki iliyoondoka na mgeni inaweza isirudi, na bima yako huenda isimhusu. Mkutane mahali penye watu mchana. Malipo yathibitishwe na benki au mtandao wa simu wenyewe, kwa kuangalia salio lako, si kwa picha ya muamala anayokuonyesha mnunuzi. Hundi si pesa mpaka ipite.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lina thamani halisi. Kumbukumbu za matengenezo, funguo zote mbili na kitabu cha maelekezo hupunguza mabishano kuliko maneno yoyote ya kusifia. Namba ya chesisi kwenye fremu isomwe mbele ya mnunuzi na kulinganishwa na hati. Kwa pikipiki nyingi za leo ina herufi na tarakimu 17, na herufi I, O na Q hazitumiki ndani yake ili zisichanganywe na 1 na 0, hivyo ukiona O kwenye hati ujue karani alikosea na lirekebishwe kabla ya siku ya mauzo.

Ipo pia huduma ya kati ambayo haitangazwi sana: duka huiweka pikipiki yako ukumbini, huiuza kwa niaba yako na kuchukua kamisheni. Kwa asiye na haraka naiona bora kuliko zote mbili, mradi mkataba utaje bei ya chini kabisa, muda wa mwisho, na nani anabeba hasara ikiibwa au kugongwa ikiwa humo ndani.

Njia yoyote utakayoifuata, usikubali pikipiki iondoke kabla umiliki haujaanza kuhamishwa kwenye mamlaka ya usajili, na karatasi ya makabidhiano iandikwe tarehe pamoja na saa. Faini za kamera za barabarani hutumwa kwa mmiliki aliyeandikishwa zikiwa na saa na dakika ya kosa, na bila karatasi hiyo ni neno lako tu dhidi ya picha.