Schick ya injekta: mashine kuukuu iliyotuliza shingo yangu

Hii nawaandikia hasa wenye ndevu za kujikunja, ambao kila wakinyoa shingo inaota vipele. Mimi ni mmoja wenu. Tangu nihamie kwenye mashine ya kunyolea ya Schick ya injekta, ya zamani ile ya wembe mmoja unaosukumwa ndani kutoka kwenye kikasha, shingo imetulia na kola ya shati hainikeri tena.

Niliipata soko la Karume, Dar es Salaam, kwa kijana anayeuza vyombo vya mtumba, ikiwa kati ya vijiko na saa mbovu. Kichwa kimechovywa dhahabu, mpini ni wa plastiki nzito ya rangi ya pembe. "Kaka, hiyo ya kizamani, wembe wake mimi sina," akaniambia mapema kabisa. Alianzia shilingi 15,000, tukamalizana kwa 8,000.

Ukiiona popote, usihangaike na mikwaruzo ya mpini. Angalia chini ya kifuniko cha kichwa: kuna kibati chembamba cha springi kinachobana wembe. Kibonyeze kwa njiti ya kiberiti, kikirudi mahali pake kwa nguvu, mashine ni nzima. Kikilegea, irudishe mezani. Halafu tazama tundu la ubavuni, lisiwe limepondwa. Nyumbani ioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani. Usiichemshe, plastiki hizo za zamani huweza kupinda au kupasuka.

Aliyeianzisha ni Jacob Schick, afisa wa jeshi la Marekani. Mashine yake ya kwanza iliingia sokoni mwaka 1926, na jina lake, Magazine Repeating Razor, linatokana na magazini ya bunduki: nyembe zilipangwa ndani ya mpini zikisubiri zamu. Baadaye nyembe zikahamishiwa kwenye kikasha cha pembeni, na hicho ndicho injekta yenyewe.

Kubadilisha wembe ndiko kunakonifurahisha kuliko yote. Kikasha kina ulimi wa chuma. Unauingiza kwenye lile tundu la ubavuni, springi inalegea, unasukuma kitelezi kwa dole gumba mpaka mwisho. Wembe mpya unaingia huku wa zamani ukitokea upande wa pili. Rudisha kitelezi nyuma, ndipo uchomoe kikasha. Fanya hivyo juu ya sinki au sahani ili wembe mkuukuu usiangukie mguu. Vidole havigusi makali hata kidogo.

Sasa kwa nini vipele vinapungua? Mashine yenye nyembe mbili, tatu, zilizopangwa pamoja huvuta unywele na kuukata chini ya usawa wa ngozi. Unywele ulionyooka utatoka tu. Uliojikunja unageuka na kuchoma ngozi kutokea ndani, pale kipele kinavimba. Wembe mmoja unakata juu ya ngozi na kupita zake. Huu wa injekta tena ni mnene kuliko wembe wa kawaida wa pande mbili, kwa hiyo haupepesuki unapokutana na ndevu ngumu za kidevuni. Ila kama shingo ina usaha au makovu yanayokua, muone daktari wa ngozi kwanza.

Namna ya kunyoa: laza kichwa cha mashine bapa shavuni, kisha inua au shusha mpini kidogo kidogo mpaka usikie ndevu zinakatika. Usikandamize. Fuata ndevu zilivyolala, na shingoni zipapase kwanza kwa vidole maana huko zinalala kila upande. Mara ya kwanza nyoa mashavu tu. Mimi hunyoa usiku baada ya kuoga, ndevu zikiwa zimelainika. Ukinyoa asubuhi halafu ukabanwa kwenye basi la mwendokasi, jasho la Dar litakuwasha hadi Kimara. Namalizia kwa jiwe la shabu lililoloweshwa, la maduka ya dawa za asili Kariakoo, kisha naikausha mashine. Hewa ya huku pwani haina huruma na chuma.

Tatizo ni nyembe. Za pande mbili zipo kila duka la mtaani, za injekta nimezitafuta Kariakoo bila kuziona. Naagiza kwa ndugu anayekuja kutoka Marekani, za Schick au Personna, na namkumbusha aziweke kwenye begi la kupakiwa, sio la mkononi. Niliwahi kujaribu za bei chee zisizo na jina la maana. Zinakwaruza, sikushauri. Kama huna wa kukuletea, chukua mashine ya kawaida ya wembe wa pande mbili. Nayo hukata kwa makali ya upande mmoja kwa wakati, na vipele vitapungua vilevile, ingawa kwangu haifikii utulivu wa injekta kidevuni.

Na wembe ulioisha usiutupe wazi kwenye taka, kuna vijana wanaopekua zile taka kwa mikono mitupu wakitafuta chupa. Mimi natumia kopo la maziwa ya unga, nimelitoboa mfuniko kwa kisu na kuuziba pembeni kwa gundi ya karatasi.