Pori au mji wa kale? Ukiwa Malindi na likizo fupi, pesa yako ipeleke wapi

Kila likizo ikikaribia watu wa nyumbani huniuliza hivi hivi, twende porini Tsavo tukaone ndovu ama twende Amu, yaani Lamu, tukazunguke vichochoroni, na pesa ni ile ile, haitoshi kwenda kote. Mimi nakaa Malindi na huko kote nimefika, na watoto na hata na mama ambaye magoti yanamsumbua, kwa hiyo nawapangia kuanzia ninayoipenda zaidi. Kwanza jueni hili: Tsavo pesa inaliwa na gari, Lamu inaliwa na kulala. Hesabu watu na siku kabla hujahesabu shilingi.

Namba moja ni Lamu, lakini ulale siku tatu. Usiende kulala usiku mmoja tafadhali, basi hadi Mokowe, bara pale unapopandia boti, linakula nusu siku, bado boti yenyewe, ukifika umechoka na kesho yake ni kurudi. Kodi chumba kwenye nyumba ya zamani ya mawe, hata kama choo chake si cha kisasa. Asubuhi kaa ndani utazame vidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu ukutani, jua likishuka kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, mwanga unaingia kimoja kimoja mpaka ukuta mzima unawaka. Mimi chai ilinipoa mkononi nikiangalia tu. Ngome iliyomalizwa 1821 iko pale pale mjini, utaiona bila haraka, na mitaani karibu hakuna magari, ni punda na miguu, watoto wanakimbia na moyo wako umetulia. Mji huu uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001 na watu bado wanaishi ndani, wanapika, wanaswali, wanaoa, hilo ndilo linalonifanya niuweke juu.

Sasa ya maji. Ukitaka kwenda Takwa, yale magofu ya kisiwa cha Manda yenye kaburi la mnara la 1682, muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi kabla ya kumuuliza bei. Mkono wa bahari unaopita kwenye mikoko unakauka. Sisi tulichukuliwa na nahodha mmoja aliyetuharakisha tupande, maji yakatukupwia ndani ya mikoko, tukakaa kwenye tope saa nyingi na watoto wanalia jua kali, na pesa alichukua yote, bado inaniuma. Na kama una mzee, panga mshuke jetini maji yakiwa yamejaa, maana yakikupwa zile ngazi za chini zina utelezi, mama yangu alibebwa na vijana wawili, Mungu awabariki.

Namba mbili, Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke kwa siku moja. Hii ndiyo ya mwenye bajeti ndogo, matatu tu kutoka Malindi, na unapata pori na mji wa kale kwa pamoja. Anza na msitu saa kumi na mbili asubuhi na uchukue mwongozaji wa pale pale, bila yeye utaona miti tu. Sisi alitusimamisha kwa mkono, kimya, mara majani makavu yakachakarika akatoka sengi, kanyama ka pua ndefu na nyuma rangi ya dhahabu, hapatikani kwingine ila misitu ya pwani ya Kenya. Jua likikaza ingieni Gede kwenye vivuli, kuna kaburi lenye mwaka wake, 1399 kwa hesabu ya kizungu, na misikiti na visima, na tangu 2024 nako ni urithi wa dunia. Ndizi zifiche, kima wa pale hawabishi hodi.

Namba tatu Tsavo Mashariki kupitia geti la Sala, kama kilomita 110 hivi. Ndovu wekundu kwa vumbi wakinywa maji mto Galana, hicho kitu hutasahau, siwadanganyi. Lakini ukiwa wawili gari litakumaliza, tafuteni wenzenu mjae sita au saba ndio mchango unakuwa wa kibinadamu. Beba kitambulisho upate bei ya mwananchi, na malipo ya KWS, shirika la wanyamapori, ni kwa mtandao, usitegemee keshi getini. Kwenda na kurudi siku moja inawezekana ila mtoto mdogo atalala njia nzima na ndovu hatawaona.

Marafa, kule kwenye makorongo, naiweka mwisho kwa sababu ni ya alasiri moja tu, si safari. Fika saa kumi na moja jioni, yale makorongo yanapokuwa mekundu kama makaa, na uvae viatu vinavyoshika.