Uzoefu wangu kasino Arusha: aliyetupiwa karata ndiye aliyeombeshwa radhi

Nilipanga kuandika sifa tupu. Kasino hii ya hapa mjini, jina naliacha, nimeizoea muda, na kilichokuwa kinanirudisha ni wagawa karata wao wa meza ya poka. Sasa nina hasira.

Ilikuwa Ijumaa moja kipindi kile cha baridi. Meza imejaa, mgawaji ni dada mmoja ambaye nimeshacheza kwake mara nyingi. Asiyewahi kukaa pale anadhani kugawa ni kurusha karata tu. Huyu dada anazitandaza zote 52, anazivuruga, anazichanga, anakata, ndipo anagawa mbili mbili. Kabla ya kufunua zile tatu za katikati, za kutumiwa na wote, anaiweka kando karata ya juu kifudifudi, na anafanya hivyo tena kabla ya ya nne na ya tano, ili hata kama kuna mjanja ameitia alama isimfae kitu. Hapo hapo anajua zamu ya nani, nani kaongeza shilingi ngapi, nani kaanza kununa.

Usiku ule mzee mmoja aliweka zote alizobakiwa nazo, 35,000. Jamaa wa kushoto kwangu naye akaweka zote, 80,000. Nikafuata. Dada hakugusa kikokotoo: 105,000 katikati, yaani 35,000 ya kila mmoja, tunagombea watatu; 90,000 iliyozidi pembeni, ya mimi na jamaa. Kufumba na kufumbua kashatenganisha. Karata ya tano ikatoka, kopa. Mzee akabeba ya katikati, mimi ya pembeni.

Jamaa akazinyanyua karata zake mbili akamtupia dada usoni. "Umenifanyia makusudi wewe!"

Dada akainama, akaokota iliyoanguka chini, akahesabu upya mpaka 52 zikatimia. Hakujibu neno.

Akaja supavaiza. Nikajua jamaa anatolewa nje. Thubutu! "Mwombe bosi radhi." Na dada akaomba: "Samahani kaka." Samahani ya nini? Nikasema hajakosa, kamera zipo juu hapo, rudisheni picha mwangalie. Nikajibiwa, "Kaka, cheza mchezo wako." Yaani mtu akipoteza 80,000 ananunua na haki ya kumdhalilisha binti wa watu?

Wakambadilisha. Kabla ya kunyanyuka akageuza viganja vyake juu na chini mbele ya kamera, kama wafanyavyo wote, kuonyesha haondoki na kitu. Roho iliniuma kuliko nilivyowahi kuumia kwa kushindwa.

Nyota moja basi. Hapana, wagawaji nyota tano, na hata hizo chache; moja ni ya supavaiza, na nikiweza hata hiyo ningeichukua. Nilitaka kuwaambia msikanyage pale. Lakini mkiacha kwenda, bakshishi inayokosekana ni ya wale wanaokesha wamesimama na kukaa kwa ajili yetu, supavaiza haimpungukii. Kwa hiyo nendeni. Mimi ndiye niliyeapa siendi.

Juzi nilipita nje, miguu ikaniingiza. Nilitaka tu kumwambia pole, kwa sababu usiku ule sikumwambia. Hakuwepo mezani; wakasema amehamishiwa zamu nyingine. Nitaenda zamu hiyo.