Pua yangu baada ya mbwa: wiki tatu na mkonga

Mbwa wa jirani aling'oa ubavu wa kushoto wa pua yangu, hapa Himbi, mtaa wa Goma, nilipoinama kuokota funguo mbele ya lango lake. Naandika kwa ajili ya yule aliyeshika kitambaa usoni sasa hivi.

Kituo cha afya cha kwanza ambako motari (dereva wa pikipiki) alinifikisha (sitakitaja) walishaandaa nyuzi. Shemeji yangu, muuguzi, akawazuia: "Dada hashonwi kabla ya kuoshwa!" Sabuni na maji ya bomba, dakika 15 kwa kutazama saa, mengine yakiniingia kooni. Ukishonwa haraka, uchafu na virusi vya kichaa cha mbwa vinafungiwa ndani. Chanjo nilichoma siku 0, 3, 7 na 14, na mbali na hiyo kuna kinga inayodungwa ndani ya kidonda chenyewe. Hiyo ya puani, jamani, acha tu.

Upasuaji wa kurekebisha nilifanyiwa hospitali kubwa, na mkono wa daktari yule nausifu. Alichukua gegedu sikioni, akashusha ngozi ya paji la uso hadi puani bila kuikata shina lake pale kwenye nyusi, maana damu inapitia hapo. Alinichorea kwenye karatasi. Kwenye karatasi ilikuwa ndogo! Wiki tatu nilitembea na ngozi hiyo ikining'inia kama mkonga, nimejitanda kitenge hadi machoni kwa sababu ya watoto na ya hili vumbi jeusi la volkano.

Tena nikigusa pua, nilihisi ninaguswa kwenye paji la uso. Nilidhani ni homa. Daktari akacheka: mishipa ya fahamu ilikuwa bado inajua kwao.

Kisha shina likakatwa. Leo, mwezi wa nane tangu hapo, upande wa kushoto ni mnene kidogo, kovu la paji linafifia, na napumua kwa matundu yote mawili.

Hospitali hiyo naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya bei: walinitajia upasuaji wa kwanza tu, wa pili nikausikia nikiwa na mkonga usoni. Utakataa vipi? Ulizeni zote mbili mapema.

Mbwa alifungwa siku 10 akiangaliwa, hakuumwa. Mwenyewe alilipa chanjo, akaleta na kuku wawili. Kuku tulikula. Lango lake bado nalipita kwa ng'ambo ya barabara.