Kapasita ya faradi 1 kwenye Noah: taa zimetulia kidogo, betri ni ileile

Kapasita ni kifaa kinachohifadhi umeme kidogo na kuutoa haraka, na faradi ni kipimo cha ukubwa wake. Nimeifunga kwenye Toyota Noah hapa Tabora, yenye amplifaya ya wati 500 za RMS (nguvu ya kudumu) na sabufa moja ya inchi 12. Besi ikigonga usiku, taa kubwa zilikuwa zinafifia. Injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta), multimita kwenye amplifaya ilionyesha volti 14.1 zikishuka hadi 11.8.

Kabla ya kuifunga nilianza na eathi, yaani waya wa hasi unaokazwa kwenye bodi ya gari. Ilikuwa imekazwa juu ya rangi! Nilipiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza upya, nikapaka grisi kuzuia kutu. Hapo tu zile volti 11.8 za besi ikigonga zikapanda hadi 12.4, bila kununua chochote. Waya nao uangalie: kwangua ncha kwa kisu, ukiona weupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Tafuta shaba tupu ya geji 4 (unene wa waya), na fyuzi ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri.

Kapasita imeongeza kidogo, ikafika 12.9, tena kwa mapigo mafupi ya ngoma. Ukiweka amapiano yenye besi ya kuvuta, taa zinafifia kama zamani. Hesabu yake ni ndogo: ikishuka kutoka volti 14 hadi 12, faradi 1 inatoa jouli 26. Amplifaya ikivuta wati 650, hizo zinaisha kwa sekunde 0.04 hivi. Kinachobaki ni kazi ya altaneta (jenereta ya injini inayochaji betri) na betri. Ndiyo maana ikae karibu na amplifaya, waya usizidi sentimita 45. Ukiiweka kule mbele kwenye boneti umepoteza hela.

Usiiunganishe ikiwa tupu. Itavuta umeme wote kwa mpigo, cheche itaruka na fyuzi inaweza kukatika. Chaji kwanza kupitia rezista ya omu 30 kwa dakika mbili au tatu, au balbu ya indiketa ya wati 21: inawaka, inafifia, ikizima umemaliza. Hasi ifungwe kwanza, ndipo chanya kipitie balbu. Ukitaka kuitoa, chomoa betri kisha itoe chaji yote kwa balbu hiyohiyo.

Kero yangu ni kioo cha namba cha kapasita kinachoonyesha volti. Waya wa rimoti (unaokiwasha na kukizima) usipofungwa vizuri kinawaka muda wote, na gari likikaa wiki bila kuwashwa betri inalala.

Wenye altaneta iliyochoka, hela hiyo wekeni huko.