Gravel Heart ya Abdulrazak Gurnah: uzoefu wangu wa kuisoma

Nakala yangu ya riwaya hii ni ya Bloomsbury, toleo la 2017, kwa Kiingereza, na ina kurasa zaidi ya 250. Ukisoma kurasa 25 kwa siku utaimaliza ndani ya siku kumi na moja hivi, ila mwendo huo haufai kitabu kizima. Kuna sehemu ya kwenda polepole na kuna sehemu unaweza kuharakisha bila hasara.

Msimulizi ni Salim, kijana anayekulia Unguja katika miaka ya baada ya Mapinduzi. Anaanza kwa kusema wazi kwamba baba yake hakumtaka. Baba huyo, Masud, karani wa idara ya maji, anahama nyumbani Salim akiwa na miaka saba na kwenda kupanga chumba nyuma ya duka. Husikii talaka wala kelele za ugomvi. Mama, Saida, anaendelea kumpikia mume aliyemkimbia na kumpelekea chakula kwa kikapu, na baadaye mtoto ndiye anayekibeba. Kurasa za kikapu hicho zisome taratibu. Mke asiyetakiwa hapeleki chakula kila siku, na mume aliyekasirika hakipokei. Humo ndimo swali lote la kitabu lilimo, na jibu lake utalisubiri hadi karibu na mwisho.

Wengi wanaoiacha njiani wanaiacha kwa kuwa walitarajia Mapinduzi yenyewe: bunduki, redio, mapanga. Havimo kwa namna hiyo. Tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja tu na siku mbili baada ya uhuru wa 10 Desemba 1963, inaingia humu kwa mlango wa uani: babu aliyeuawa, nyumba iliyotwaliwa, wakubwa wapya ambao neno lao moja linamfunga mtu au kumfungua. Asiyeijua Unguja ya enzi ya Karume asome kurasa chache za historia kwanza, maana Gurnah haelezi. Yeye mwenyewe, mzaliwa wa Zanzibar wa 1948, aliondoka akiwa kijana katika miaka hiyohiyo.

Jambo jingine la kuangalia ni neno “uncle”. Amir, anayempeleka Salim London akasome biashara, ni kaka yake Saida, yaani mjomba. Ukimchukulia kama ami, ndugu wa baba, utapoteza uzi, kwa sababu kisa kizima kinasimama juu ya dada na kaka yake. Andika majina pembeni ya karatasi: Saida na Amir upande mmoja, Hakim, mmoja wa wakubwa wapya, na dada yake Asha upande wa pili. Ni majina manne tu, lakini bila karatasi hiyo utarudi nyuma mara kadhaa.

Anayetaka siri imkute hukohuko aruke aya hii. Jina la kitabu limetoka kwenye Measure for Measure ya Shakespeare, tamthilia iliyoigizwa 1604, ambamo Angelo, aliyekabidhiwa sheria, anamwambia dada wa mfungwa kwamba bei ya uhai wa kaka yake ni mwili wake. Dada wa Shakespeare anakataa, kisha inafanyika hila. Sasa tazama: mkubwa wa Gurnah anaitwa Hakim. Msomaji wa London ataona jina la Kiislamu, basi. Sisi tunasikia hakimu. Na Saida na Masud ni majina ya mzizi mmoja wa Kiarabu, wa bahati njema, wamepewa mke na mume ambao bahati iliwapitia mbali. Kwa hiyo tamthilia isome baada ya riwaya, usiitangulize.

Sehemu ya London ndiyo dhaifu kidogo. Salim anashindwa masomo ya biashara, anahamia fasihi, mjomba anamtoa nyumbani. Nyumba anayofikia Camberwell ni ya vijana wa Kiafrika, wenyewe wanaiita OAU, kifupi cha Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na mwenye nyumba ni Bwana Mgeni. Mwenyeji anaitwa Mgeni! Mwandishi hasemi neno juu yake, anatuachia sisi tucheke. Barua kwa mama ni nzuri sana, lakini angalia ipi imetumwa na ipi imebaki daftarini. Ukizichanganya utadhani Saida anajua mambo ambayo hajaambiwa kabisa. Mapenzi ya Salim na Billie, yanayovunjwa na familia ya msichana, yameandikwa kwa haraka, na Billie hakupata uhai wa kutosha. Hapo unaweza kukaza mwendo.

Ukifika Salim anaporudi Unguja, tenga saa tatu au nne mfululizo. Masud anamsimulia mwanawe usiku, kwa kirefu, na ukikatakata simulizi hiyo kwa kurasa tano tano kwenye daladala inaharibika. Kiingereza chake hapo ni Kiswahili kilichovaa kanzu nyingine: sentensi ndefu, heshima nyingi, jambo zito linazungukwa mara tatu kabla ya kuguswa. Nilijikuta nikizisoma baadhi ya aya kwa sauti, kwa Kiswahili, bila kuhitaji kamusi.

Lawama yangu kubwa ni moja. Uamuzi uliosukuma kila kitu ni wa Saida, na tunausikia kwa kinywa cha mumewe. Yeye amekwisha kufa bila kuulizwa alivyouona mwenyewe uamuzi huo. Inawezekana Gurnah amekusudia hivyo. Mimi bado ningetaka kurasa kumi za sauti yake, hata kwa kupunguza zile za Billie.

Ambaye hajawahi kumsoma Gurnah na Kiingereza chake si cha mazoea, aanze na Peponi, riwaya yake nyingine iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, 2022. Ni ya zama nyingine, kabla ya haya yote, ila mkono wa mwandishi ni uleule. Gravel Heart naipa nyota nne kati ya tano.