Sakafu ya upenu wa banda la ng'ombe: ninazozikubali na nisizotaka kuziona

"Mama, hapa utajitazama sura," fundi aliniambia huku akipitisha mwiko mara ya mwisho juu ya niru, ile saruji laini ya kumalizia sakafu. Na kweli iling'aa. Ilikuwa Februari, jua kali, na upenu wangu wa kukamulia ukawa msafi kuliko sebule yangu. Nikamlipa, nikamwongezea na ya soda.

Masika ikaingia. Wiki ya pili, ng'ombe wangu aitwaye Sikujua alikuwa anarudi kutoka kunywa maji. Akakanyaga pale matone ya bati yanapodondokea, mguu mmoja wa nyuma ukaenda Moshi na mwingine Arusha. Akapiga msamba. Ng'ombe wa zaidi ya kilo mia nne akipiga msamba hainuki akajikung'uta kama mbuzi, misuli ya mapajani inachanika. Siku tatu tulimgeuza ubavu kwa ubavu, tukimwekea majani mdomoni, bwana mifugo akija asubuhi na jioni na sindano zake. Siku ya nne alikuja mnunuzi wa nyama, na bei aliyoitaja siiandiki, maana nitaanza kulia upya.

Kwa hiyo ukinipigia kuniuliza sakafu gani uweke upenuni, usitegemee nianze na uimara, rangi wala usafi. Hayo kila muuzaji atakueleza bila kuulizwa. Mimi nina swali moja tu: ikilowa, inateleza?

Ndani ya banda ng'ombe ana matandazo. Nje ana udongo, kwato zinazama, anashika. Upenu uko katikati: umeezekwa lakini hauna ukuta, upepo unaingiza mvua, bati linadondosha maji ukingoni, na kivuli hakiruhusu pakauke. Huku kwetu chini ya Mlima Meru, wiki mbili za mvua zinatosha kuotesha utando wa kijani juu ya saruji. Changanya na mkojo, kinyesi na maji ya sabuni ya kuoshea ndoo za maziwa. Hiyo ndiyo sakafu utakayoitumia. Ile uliyoonyeshwa dukani ikiwa kavu ni ya picha.

Jaribio langu ni hili. Mwagia maji, tupia kinyesi kibichi, paka kwa fagio, kisha vaa kandambili zilizoisha soli utembee juu yake. Ukijikuta unatafuta ukuta wa kushika, ng'ombe hapo atalala chini. Kwato ni ngumu kuliko soli yako, na yeye hana mkono.

Namba moja: zege lenye mistari. Sakafu nyingine zote zinagombea nafasi ya pili. Zege la inchi 4 juu ya mawe yaliyoshindiliwa, mchanganyiko wa moja, mbili, tatu: saruji, mchanga, kokoto. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni karibu lita 35, yaani ndoo mbili za lita 20 kasoro kidogo. Basi kila mfuko unataka mchanga ndoo tatu na nusu na kokoto ndoo tano na kidogo. Simama hapo uhesabu ndoo, kwa sababu fundi akipima kwa toroli, toroli la mchanga linajaa mpaka linamwagika na la kokoto linakuja nusu. Upenu wa mita 2 kwa 8 utakula mifuko kama 12, ila nunua 13.

Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita, uelekee mferejini, usielekee kwenye hori. Kisha ndiyo ije kazi yenyewe: zege likianza kukaza, kabla halijagoma, kandamizia mistari ya milimita 10 kwa 10, ikikatana mshazari ifanye umbo la almasi, kila mstari ukiwa sentimita 4 au 5 kutoka kwa mwenzake. Tumia fremu ya mbao iliyopigiliwa vipande vya nondo ya milimita 10. Ya kukatana ni bora kuliko ya upande mmoja kwa sababu ng'ombe hatembei kwa mstari, akishtuka anageuka popote. Ukishindwa kabisa, buruta fagio gumu la chelewa, japo michirizi yake inalika mapema.

Mwagilia siku saba. Na usiingize ng'ombe siku ya nane ukidhani umemaliza: zege jipya lina makali kama msasa, linakula kwato. Funga tofali zito la zege kwenye kamba, liburute juu ya sakafu yote mpaka makali ya mistari yavunjike. Kwangu walifanya kazi hiyo watoto wa jirani, walidhani ni mchezo.

Saruji? Mimi ni mtu wa Simba, ya Tanga, na sijifichi. Nilianza nayo kwenye msingi wa nyumba na haijawahi kuniangusha. Wenye Twiga na Dangote msinitumie matusi, zenu pia ni saruji. Lakini soma mfuko. Imeandikwa 32.5 au 42.5, na hiyo ni nguvu yake ikifika siku 28. Kwa sakafu ya kukanyagwa na ng'ombe mimi nachukua 42.5. Nilishauziwa 32.5 kwa bei ya 42.5, na nilipouliza, kijana wa duka akaniambia "mama, saruji ni saruji." Duka lingine nilikuta mifuko ina mabonge magumu kama viazi, eti ni baridi ya Arusha. Baridi! Bonyeza mfuko pembeni kabla haujapakiwa. Ukikuta pagumu na hapabonyei, rudisha. Na mbona bei hupanda Sh1,000 siku ile ile wanayoona lori lako limekuja tupu?

Namba mbili: vitofali vya peving, ambavyo majirani zetu Kenya huviita kabro. Uso wake una mkwaruzo, na jaribio la kandambili vinafaulu vikiwa vipya. Chukua vya milimita 80. Vya 60 ni vya kuegeshea pikipiki. Tatizo lake ni chini. Mkojo unapita kwenye viungo, mchanga uliolazwa unahama, kitofali kimoja kinazama na jirani yake anabaki juu, na hapo ndipo kwato hujikwaa. Dada mmoja wa Machame kavipanga upenu wote, mwaka wa kwanza akanisifia, wa pili akawa anang'oa na kupanga upya kila baada ya mvua. Mimi ningeviweka upande wa mashine ya kukatia majani na marobota, ambako anapita mtu. Mbele ya hori, hapana.

Namba tatu: mati za mpira. Nawajua mtakaokasirika. Ng'ombe anazipenda kulalia, magoti yanapona, siwezi kubisha. Lakini hapa tunasema upenu, siyo kitanda. Mpira wa uso laini ukipakwa kinyesi unateleza vibaya kuliko zege, nilijaribu mwenyewe nikashika nguzo. Ukilazimika, chukua wenye vinundu juu na mifereji chini, unene wa milimita 17 au 18. Na mifereji ya chini siyo mapambo: bila hiyo mkojo unakaa hapo, na siku ukiinua mati utatokwa machozi. Kuinua kwenyewe ni mtihani, mati ya mita 1.2 kwa 1.8 ina uzito wa kilo zaidi ya 40. Muuzaji mmoja aliniambia "zinafuliwa kama zulia." Nilimwomba aje anifulie moja.

Namba nne: moramu ya kushindilia. Haitelezi ikiwa kavu, ni rahisi kwa bei, na mvua ya kwanza inaigeuza uji ukingoni. Ndama, sawa. Udongo mtupu na mbao za mabanzi sina la kusema. Vigae vya dukani, hata vile wanavyoviita vya nje, msithubutu.

Kama tayari una niru kama yangu, usikimbilie kuvunja. Mimi nilikodi mashine ya kukatia zege na msumeno wake wa mduara, tukachora mistari juu ya sakafu ile ile, na ukingo wa matone nikapiga gata ili maji yaende kwenye pipa. Vumbi lilikuwa la kutisha, mjifunge vitambaa puani na muwe mnamwagia maji.

Mwezi uliopita fundi wangu yule wa niru alipita kudai kazi ya choo. Akasimama upenuni, akaangalia mistari, akatikisa kichwa.

"Mama, nani amekuharibia sakafu hivi?"